Safari ya Kuutafuta Mteremko

Nitaanza na ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani hawajanitangulia kuusimulia: nilichimba mfereji wa kupandisha maji mlimani. Maji, ambayo hayakusoma hata darasa la kwanza, yalikataa.

Ilikuwa hivi. Uani kwetu Kariakoo maji ya mvua yalikuwa yanasimama kama mgeni asiye na kwao, na nyumba iliyoumia zaidi ni ya jirani yetu Bi Zuhura, mjane, yenye ukuta wa miti na udongo. Mimi niliyefika darasa la kumi nikatangaza barazani kwamba mteremko ni hesabu tu. Nikapiga hesabu: uani mfereji uwe na kina cha futi moja, na kule mwisho, kando ya barabara ya lami, futi moja na nusu. Inchi sita za kushuka, maji yatake nini tena? Wanaume wa mtaa wakachimba Jumapili nzima kwa maneno yangu.

Kina nilikipima kutoka juu ya ardhi. Sikujiuliza kama ardhi yenyewe imelala sawa. Haikulala, inapanda kuelekea barabarani. Mvua ya kwanza ya masika ilipokuja, maji ya barabarani yaliuona mfereji wangu, yakashukuru, yakaja yote mpaka chini ya ukuta wa Bi Zuhura.

Asubuhi yake aliniita.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Ufukie mfereji wako."

"Nitaurekebisha, Bi Zuhura. Kuna hesabu kidogo tu..."

"Ufukie, Hamisi. Ukuta umelowa."

Kufukia ni kazi ya jembe, na isingefika adhuhuri. Lakini mtu wa darasa la kumi hawezi kufukia kosa lake hivi hivi kama mtu wa kawaida. Lazima kwanza alitafutie sababu. Ndiyo maana nikasafiri.

Msomaji aelewe kwamba mimi si mtu wa safari. Safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi barazani, na hata hiyo napumzika njiani. Siku hiyo nilivaa viatu, nikachukua mwavuli, nikaagana na watoto mmoja mmoja. Mke wangu, Mwajuma, alinitazama akiwa mlangoni.

"Unaenda Ilala, baba. Mbona unaaga kama unakwenda Makka?"

Ilala nilifika kwa fundi Elia, mtu wa Kilimanjaro anayetengeneza pampu za maji. Nilitaka kuazima mpira wake mrefu. Mpira ukijazwa maji, ncha zake hata uzipeleke mbali namna gani, maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Hapo unajua ardhi imepanda wapi na imeshuka wapi. Hilo nilifundishwa shuleni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata maksi zote, nikalisahau siku niliyolihitaji.

"Mpira wangu hausafiri peke yake," alisema Elia. "Nitakuja nao. Lile wingu umeliona?"

"Litangoja."

Kuanzia uani kwetu tukapima kuelekea bonde la Jangwani, mimi nimeshika ncha moja, yeye nyingine, tukivutana mtaani kama watu wanaogombea nyoka. Mchukuzi mmoja wa sokoni akatua gunia lake kutuangalia.

"Jamani, mnapima kaburi la nani?"

"La huyu hapa," akajibu Elia, akinionyesha kwa kidevu.

Jibu likatoka. Kutoka uani hadi ukingo wa barabara ardhi imepanda karibu futi mbili, na mimi na inchi zangu sita! Lakini tulipovuka barabara ardhi ikaanza kushuka, ikashuka hadi Jangwani kwenye magugu na vyura.

"Kumbe maji yenu yana pa kwenda," akasema Elia.

"Yanapo. Barabara ndiyo imeyakalia njia."

Nikakaa juu ya tairi bovu, nikapiga hesabu upya: bomba lipite chini ya barabara, kina chake, upana wake, mteremko wake. Nikairudia mara mbili. Haikuwa na kasoro.

"Safi," akasema Elia. "Sasa turudi tukaufukie ule wa kwanza. Mvua hiyo."

"Kwanza niipeleke ofisi ya barabara."

"Hamisi, mama wa watu ana ukuta umelowa."

"Nakwenda na kurudi."

Akakunja mpira wake, akarudi Ilala bila kuniaga.

Ukishavuka Mnazi Mmoja kuingia mjini, hata maji machafu yana adabu. Mifereji ni ya saruji, na mteremko wake umepimwa na mtu aliyelipwa kupima. Katika ofisi ya barabara nilikalishwa kwenye benchi mpaka kiuno kikafa ganzi. Mwishowe Mzungu mmoja kijana akaichukua karatasi yangu, akaisoma yote.

"Hesabu hii ni sahihi," akasema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Umesoma wapi?"

Kifua changu kikajaa. Nikamtajia shule.

"Basi, bwana, mtachimba lini?"

"Mitaa ile haimo katika kazi zetu."

"Na sisi tukichimba wenyewe?"

"Ukikata barabara utashitakiwa."

Alinirudishia karatasi kwa heshima kabisa. Hapo ndipo mvua ilipoanza kupiga bati la ofisi.

Njia ya kurudi sina la kuieleza, sikuona kitu. Mwavuli niliusahau kwenye benchi. Karatasi niliificha ndani ya shati isilowe, na kweli haikulowa.

Nilichojifunza ni hiki: hesabu yangu mbovu ilichimbwa kwa siku moja, kwa sababu iliishia kwa jirani. Ile sahihi haijachimbwa mpaka leo, kwa sababu ilitaka kuvuka barabara.

Ukuta wa Bi Zuhura nilikuta umelala uani, fito zake ziko wazi kama mbavu, na maji ya mfereji wangu yanapita juu yake bila haraka. Mwenyewe alikuwa barazani kwetu, amekalia sanduku, Mwajuma anamfuta kichwa kwa kanga. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamweleza habari za barabara, mwinuko, bomba. Nikamchorea kwa kidole sakafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Hamisi, mimi nilikuomba ufukie mfereji. Sikukuomba ujue kwa nini maji yanakuja."