Nilivyomsomea Baba Injili

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo hunitoa jikoni, nayo ni ya kisu kikinolewa juu ya jiwe. Wajukuu wanadhani naogopa damu. Mimi ni mtoto wa mchinjaji, damu niliizoea kabla sijazoea sukari. Sauti ile hunirudisha Mbeya, chini ya mlima Loleza, miaka ya hamsini, asubuhi za ukungu mzito, baba amechuchumaa uani na blanketi mabegani, ananoa kisu taratibu na kukijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Mkinivumilia nitawaeleza kwa nini siipendi, maana sijawahi kumweleza mtu.

Baba alikuwa Msangu wa upande wa Chimala, Mwislamu, na katika mtaa wetu uliojaa Wakristo alikuwa mtu wa lazima. Iwe harusi, iwe Krismasi, yeyote aliyetaka nyama yake iliwe na wageni wote alimwita baba achinje. Walimwita Shehe, ingawa hakuwa shehe wa mahali popote. Msahafu aliusoma vizuri, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shuleni, hizi ninazowaandikia ninyi, hakuzijua hata moja. Kwa watu wa mtaani, mtu wa namna hiyo hajasoma.

Mimi nilikuwa darasa la nne shule ya misheni. Mwalimu wangu, Ambokile, ndiye pia aliyekuwa akihubiri Jumapili. Kwa kuwa nilisoma bila kukwama, alinipa zawadi ya kijitabu cha Injili, nami nikakificha ndani ya kapu la maharage. Siku ya tatu baba alikikuta. Nilijua nimekwisha. Baba mdogo, kule Chimala, alikuwa amewatoa binti zake shule kwa jambo dogo kuliko hilo, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye darasa la tano, bwenini, huko upande wa Iringa.

Baba alikifuta vumbi kwa kanzu yake. "Injili ni kitabu cha Nabii Isa," alisema. "Na wewe unakiweka na maharage? Kanawe mikono, uje unisomee."

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya alasiri yeye alikaa juu ya ngozi ya mbuzi, amenawa mpaka viwiko, mimi nikakaa kwenye kigoda. Mstari wa kwanza tu ukanishinda. Ulimwita Isa Mwana wa Mungu. Niliona darasa la tano likiniponyoka, nikauruka, nikaendelea na wa pili kwa sauti ileile. Toka hapo nikawa mwepesi. Kila nilipoona neno ambalo lingemchukiza nililipita, na palipobaki pengo nilipaziba kwa maneno yangu. Siku moja aliuliza, "Asha, yale maneno yao ya Mwana, mbona hayafiki?" Nikamjibu, "Yako mbele, baba."

Nisiwafiche, nilianza kuona raha. Mtu mzima, tena baba yangu, ananitazama mdomoni asipitwe na neno. Tulipofika kwenye habari ya nguruwe waliotumbukia majini, alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akataka nirudie tangu mwanzo. Kurasa chache baadaye tukakuta mahali panapohusu kunawa mikono na vyakula, kwamba chakula hakimchafui mtu, kwamba vyote ni safi. Nilimtazama mchinjaji wangu aliyetulia mbele yangu, nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

Mwezi uliofuata Mwalimu Ambokile alimwoza binti yake, na baba ndiye aliyechinja ng'ombe. Wanaume walikuwa wamezunguka nyama, wanakata na kutaniana. Baba akaanza habari yake ya nguruwe.

"Majirani, mnawafugia nini wanyama ambao kitabu chenu kiliwazamisha?"

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Lakini Shehe, nenda mbele kidogo. Mbele kidogo tumeruhusiwa vyakula vyote."

"Hapo mbele tumeshapapita," baba alisema. "Hakuna neno kama hilo. Asha amenisomea neno kwa neno."

Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, mpaka leo naamini hivyo. Alichukua kitabu chake, akakifungua, akaniwekea kidole. "Haya, Asha. Msomee mzee."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini kila mtu alisikia. Nilipomaliza, mzee mmoja alisema, "Kumbe Shehe kasomewa Injili yake mwenyewe," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Sikuweza kumtazama baba usoni, nikaitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia na kisu.

"Basi nilisinzia hapo," alisema polepole. "Naamka alfajiri mno siku hizi. Mtoto alisoma, mimi ndiye niliyelala."

Wakacheka zaidi. Alijifanya mzee msinziaji mbele ya watu aliowachinjia miaka yote ili mimi nisiitwe mwongo, na mimi, jamani, nikamwacha. Nilinyanyua ndoo yangu nikaondoka.

Kesho yake baada ya alasiri alitandika ngozi yake kama kawaida. "Anza mwanzo," aliniambia. "Safari hii usinisaidie." Nikasoma mstari wa kwanza kama ulivyo. Aliinua macho, akanitazama, akayainamisha. Tuliendelea mpaka mahali pa vyakula, bila kicheko, bila swali. Nilipofunga kitabu nilikuwa nikilia. Nilitamani anichape.

"Nilitaka kujua majirani zangu wanaamini nini," alisema. "Wewe umenisomea ninayoyaamini mimi. Hayo nilikuwa nayo."

Hakuniomba tena nimsomee. Jioni alianza kwenda kwa Mwalimu Ambokile kujifunza herufi za shuleni, yeye na ndevu zake nyeupe. Nilikuwa nikimwona uani na kibao na chaki, anaanzia upande wa kulia kwa mazoea ya Kiarabu, anafuta, anaanza upya. Akikwama, alisubiri mpaka kesho amwulize mwalimu, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Mwaka ule nilifaulu. Kunitoa shule hakukuzungumzwa hata siku moja, wala sanduku langu hakumwachia mtu mwingine, alilibeba mwenyewe kichwani mpaka kwenye basi la Iringa.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilimhurumia, nililinda imani yake. Uongo mtupu. Nililinda nafasi yangu bwenini. Imani yake haikuhitaji mlinzi: aliyasikia yote niliyomficha, na Ijumaa akaenda msikitini kama siku zote.

Barua yake ya kwanza ilinifikia bwenini muhula wa pili, mistari minne kwa herufi kubwa zilizopinda, kazi ya mkono wake. Aliniuliza hali, akanieleza mama hajambo, mvua imenyesha, na Injili ameimaliza peke yake bila kuruka mahali. Nilikaa nayo siku mbili. Nilijua ninachopaswa kumwandikia, ni neno moja tu, samahani. Nikaandika kwamba mwandiko wake ni mzuri.