Maziwa ya Moiben

Ting. Hivyo ndivyo jino la Hellen Jeruto lilivyolia lilipoangukia kibakuli cha chuma, na hata miaka mingi baadaye kijiko kikigonga sahani, mkono wake ulikimbilia shavuni wenyewe.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, na alikwenda kuling'oa kwa sababu moja tu. Alikuwa opereta wa muda kwenye swichibodi ya kiwanda cha mbao mjini Eldoret, akipokezana kiti kimoja na rafiki yake wa mtaa wa Munyaka, Virginia Nyaguthii. Siku kumi baadaye meneja mkuu angefika kutoka Nairobi, awasikilize wote wawili wakipokea simu, kisha mmoja aandikwe kazi ya kudumu. Kiwanda kizima kilijua ni nani. Sauti ya Hellen iliwafanya wateja waliopiga simu kwa hasira wasahau walichokasirikia.

"Wewe ukisema 'subiri kidogo'," Nyaguthii alimtania, "mtu anasubiri mpaka Krismasi."

Ila jino lile lilikuwa likimkata maneno katikati.

Daktari wa meno alimwandikia dawa ya kuzuia usaha. Hellen, pamba mdomoni, alikaa kwenye benchi chini ya picha ya Rais, na mumewe Kimeli akapanga foleni kwenye dirisha la dawa. Alimwona mtoa dawa, mzee mmoja wa miwani mizito aliyeitwa Gichuru, akiinamia tundu la dirisha na kusema jambo, na Kimeli akiitikia kwa kichwa. Kimeli akarudi na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "moja, mara nne". Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, nyekundu na manjano.

Hellen alimuuliza kwa macho.

"Amesema umalize zote," Kimeli akajibu.

Na kweli Gichuru alikuwa amesema hivyo.

Ulikuwa mwaka wa 1984, na mvua ilikuwa imekataa. Watu walikula ugali wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo na kunung'unika wakiwa wamefunga milango. Huko Moiben, ng'ombe wa mama yake Kimeli walikuwa wamebaki mbavu, na ni mmoja tu aliyetoa kitu. Hata hivyo, mama huyo aliposikia kwamba mke wa mwanawe hawezi kutafuna, alifika mjini na vibuyu viwili vya maziwa lala. Alikuwa amemnyima ndama.

"Dawa kali haiendi kwa tumbo tupu," akasema, akimimina kikombe cha kwanza. "Kunywa, mtoto wangu. Mimi walining'oa mawili ya mbele na kipande cha chuma, na kesho yake nikaenda kuchunga. Kidonge nilikijulia wapi? Ni maziwa tu." Akacheka, na pengo la meno yaliyong'olewa kimila likaonekana katikati ya meno yake ya chini.

Siku saba Hellen alimeza dawa yake kwa maziwa yale, asubuhi, adhuhuri, jioni na wakati wa kulala. Hakuruka hata kidonge kimoja. Mama mkwe alikaa jikoni akingoja kikombe kirudi kutoka chumbani, na kila alipokipokea kitupu alisema, "Sasa utapona." Kimeli mara nyingi alikuwa mlangoni, akitazama. Siku moja alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akauliza kama kuni zipo.

Siku ya nne shavu lilivimba. Siku ya nane taya likajifunga, hata kidole kimoja kikapita kwa shida kati ya meno. Siku ya kumi meneja alifika.

Hellen alikwenda kazini, leso imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Taa ya swichibodi ikawaka, naye akasema, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Kilichotoka kilikuwa kama maneno ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Haloo? Haloo?" mteja akasema. "Hii laini ni mbaya."

Meneja alimwonea huruma, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Nyaguthii akaitwa. Alilia alipokuwa akiketi kwenye kile kiti, lakini aliketi.

Wiki iliyofuata Hellen alipasuliwa chini ya taya ili usaha utoke. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mdomo wake hautafunguka tena kama zamani, kisha akamuuliza dawa alikunywa na nini.

"Maziwa," Hellen akasema, kupitia mwanya uliobaki.

Daktari alimwita Gichuru kwa ukali. "Hii dawa na maziwa haviendi pamoja. Maziwa yanaishika, haifiki kwenye damu. Ni kama huyu mama hakumeza kitu. Hukumwambia?"

Gichuru alivua miwani. "Nilimwambia bwana yake, daktari. Nilirudia mara mbili. Akasema amesikia."

Kimeli, aliyesimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

Walitoka hospitalini, wakafika karibu na ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Hapo Kimeli akaanza kuongea haraka.

"Ningemwambia Mama nini? Ametoka Moiben na vibuyu, mwaka huu wa njaa, nimwambie maziwa yake yanaharibu dawa? Maziwa, Hellen? Si ni kumtukana mzazi? Angerudi nyumbani akilia. Wewe unajua vile yuko." Akaongeza hatua, amwache nyuma.

Kipenga kikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili, bendera ilikuwa inashushwa, na barabara nzima ikasimama: baiskeli, mikokoteni, mwanamke mwenye debe la maji kichwani. Polisi walikuwa wakitazama nani anatikisika. Kimeli naye alikwama pale pale hatua moja mbele ya mkewe, mikono ubavuni, hana pa kwenda.

Hellen alitazama bendera ikishuka. Hakumgeukia.

"Ungeniambia mimi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Ningeyamwaga dirishani, na Mama angepokea kikombe kitupu."