Miguu ya Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilikwenda Ikuti kumzika jirani yetu wa zamani. Mvua ilikuwa imeharibu njia, gari likakwama chini ya kilima, na mdogo wangu akashuka kunipokea. Alijitwika begi langu akatangulia kupanda huku akinisimulia habari za msiba, wala pumzi haikumkatika. Mimi nilimfuata nikijishikilia kwenye migomba. Tumeachiana ziwa, mwenzangu, lakini anayemeza vidonge vya presha ni mimi.

Tulilelewa na bibi hapo hapo kilimani. Mimi nilikuwa mtoto wa jikoni. Nikikaa kwenye kigoda nimekaa, namenya ndizi za mbalaga, nasikiliza chungu kikitokota na manyunyu yakigonga bati. Mdogo wangu hakukaa kitako. Akitumwa maji alirudi mbio, nusu ya ndoo imemwagikia mgongoni. Ndama akitoroka, keshamfuata hadi bondeni. Hata kula alikula amesimama. Bibi alilalamika kwamba mtoto yule alizaliwa na siafu miguuni. Wageni walinisifu mimi: katulia, ana adabu. Nami nilizidi kutulia.

Basi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafurika soko la Kiwira, mwalimu wa michezo alimchagua mdogo wangu akakimbie mjini Tukuyu. Bibi akamnunulia raba nyeupe za mtumba. Mimi sikupata kitu. Alirudi mshindi, watoto wa shule nzima wakimsindikiza kwa nyimbo, raba zimelowa tope, uso unang'aa. Jioni hiyo sikugusa chakula. Bibi akanisogeza karibu na moto, akataka kujua kimenikaba nini. Nikamwambia nami nataka raba.

"Za kwendea wapi?" akauliza, bila kejeli. "Wewe mwanangu, nikikuacha hapa asubuhi, jioni nakukuta hapa hapa."

Kwake ile ilikuwa sifa. Nililia, kwa sababu alisema kweli.

Siku ya msiba, tulipofika katikati ya kilima, mdogo wangu aligeuka akaniona nimeinama, mikono magotini.

"Dada, pumzika," akasema. "Hakuna anayetukimbiza."

Alisema kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko magoti. Mwanamke huyu anachuma chai tangu umande haujakauka, na jioni anashindana mbio na wajukuu wake.

Bibi hayupo tena. Nyumba yake imeanguka, na njia ya mtoni imemezwa na shamba la maparachichi. Hayo tuliyalilia pamoja, tumeshikana mikono. Ila mdogo wangu utoto wake bado anao miguuni, anautembelea kila siku. Mimi nimebaki na wa kusimulia tu, na wivu wangu haujazeeka.