Kitabu cha Mashairi cha Hannah Rudd

Bi Doreen Askwith alikuwa na ulimi wa wembe, na pale sokoni Skipton, kaskazini mwa Uingereza, hakuna asiyemjua. Miaka thelathini na mmoja aliuza vitabu vya zamani, na hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu umri wa kitabu. "Mume utamdanganya," alizoea kusema, "lakini kitabu kitakuumbua."

Vilivyomsumbua zaidi ni vile vya mashairi vya enzi za Malkia Victoria, vyenye majalada ya nakshi na kingo za dhahabu, ambavyo watu walipeana Krismasi. Wachapaji wa siku hizo walikuwa wajanja. Mwaka wa kuchapwa hawakuuandika, ili kilichododa Krismasi hii kiuzwe kama kipya Krismasi ijayo. Basi wauzaji wengine hukimbilia ukurasa wa mbele, wakaona neno la aliyetoa zawadi na tarehe yake, wakaamini. Doreen alianza na jalada. Mkono wa mtu huandika unachopenda.

Jumanne moja ya mvua akaja Bwana Clement Rudd, mzee wa miaka themanini na mitatu, amekumbatia boksi la vitabu. Alikuwa anahamia nyumba ya wazee, na chumba alichopewa kilikuwa na rafu moja tu.

"Chukua vyote," alisema. "Ila hiki cha mashairi sijui. Soma."

Doreen akafungua ukurasa wa mbele, akasoma: *Albert kwa Hannah wake, Krismasi 1861.*

Hannah alikuwa mama wa babu yake Clement. Ukoo mzima ulisimulia jinsi mchumba wake, Albert, alivyompa kitabu hicho, na baada ya wiki sita mgodi wa makaa ukamfukia. Hannah akaja kuolewa na Enoch Rudd, aliyechimba bega kwa bega na Albert.

"Enoch alikuwa mtu gani?" Doreen akauliza.

"Gogo la mti, hana maneno. Kwetu mtoto akinuna wanamwita Enoch. Sasa, binti, kama kweli ni cha Albert, nakwenda nacho. Kama ni hadithi tu, kiuze."

"Ungemtafuta mtu mwenye huruma, Bwana Rudd."

"Wenye huruma wamejaa nyumbani, wananikatia nyama kama mtoto. Wewe sema."

Doreen akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya jalada.

"Mwaka sitini na moja nakshi ilikaa katikati, huku na huku sawa. Tazama hili. Ua limetupwa pembeni, na ndege kama wa Kijapani, dhahabu na wino mweusi. Hii ni kazi ya miaka ya themanini. Albert alikuwa udongoni miaka ishirini."

Mvua ikapiga turubai.

"Basi Hannah alijiandikia mwenyewe, maskini," mzee alisema. "Na mume yumo nyumbani. Kiuze."

Hapo Doreen angetaja bei, yakaisha. Lakini ile H ya Hannah ilikuwa imemkaa machoni: kijiti chake cha katikati kilipanda mshazari kama komeo la lango. Akainama kwenye boksi, akatoa Biblia ya nyumbani, ambayo hakuna anayeinunua siku hizi, akafungua ukurasa wa vizazi.

"Nani aliyaandika majina haya?"

"Enoch. Watoto wake hao."

"Soma jina la huyu wa tatu."

"Harriet." Mzee akavaa miwani. Akaangalia Biblia, akaangalia kitabu, akarudi kwenye Biblia. H zote mbili zilipanda mshazari.

"Albert alikuwa amemwahidi Hannah kitabu," alisema polepole. "Shangazi alisema hivyo, tukamcheka. Alisema Albert aliahidi tu, kitabu hakikununuliwa. Na huko chini mgodini walikuwa wawili: Enoch ndiye aliyeisikia ahadi, akaitimiza."

Doreen akachukua penseli, akaandika chini ya yale maneno: *Kimechapwa kati ya 1882 na 1885. Mwandiko wa Enoch Rudd.*

"Penseli hufutika," alisema mzee. "Nipe kalamu."

"Ukitia wino, hakuna atakayekinunua."

"Nani anauza?"

Mzee akalipitia jina la Enoch kwa wino, herufi baada ya herufi. Kisha akakifunga ndani ya koti, kisilowe, akatoka.