Nyasi za Oreteti

Silantoi hakuwa mtu wa kubembeleza. Majirani zake wa Oldonyo Sambu walipoanza kukata miti mikubwa ili wapande viazi, aliwaambia wazi kwamba mti wake hawataugusa, nao wakamwachia mti wake na ukali wake. Ulikuwa oreteti, mkuyu uliokuwapo kabla babu wa marehemu mumewe hajahamia pale. Zamani kila aliyepita aling'oa nyasi mbichi akazichomeka kwenye shina, kuomba heri, na hadi jua linapanda shina lote lilikuwa kijani. Siku hizi nyasi zilizopo ni za Silantoi peke yake.

Jumapili baada ya ibada, mwanawe Lucky alimpigia simu kutoka mjini, Themi.

"Mama, shikamoo. Huo mti unakula shamba bure. Ukate tu."

"Marahaba. Njoo uukate mwenyewe, nikuone."

Lucky akacheka, akasema kazi zimembana. Hajafika nyumbani tangu wamzike baba yake.

Silantoi akaenda kuchomeka nyasi zake. Akasimama kidogo, kisha akang'oa nyingine, akazichomeka pembeni kwa ajili ya Lucky, mti usije ukadhani na mwanawe amekufa kama baba yake.