Utomvu wa Matoke Kwenye Mlango Mweupe

Magari ya shirika nililolifanyia kazi ya ukalimani katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yalikuwa meupe, na weupe huo ulikuwa na sheria zake. Gari halibebi mtu asiye na kitambulisho cha ofisi. Halibebi kuku, kuni wala chakula cha mtu binafsi. Mjamzito tuliyempita njiani, ndoo kichwani, alipungiwa mkono kwa heshima, kisha vumbi letu likamfunika. Mkubwa wetu, mgeni kutoka ng'ambo, aliishi Mbarara mjini na kuja kambini pale tu alipokuwa na wageni wenzake. Lakini Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alilizunguka kila gari akiwa na fomu mkononi, akitafuta madoa. Sikuwahi kumwona akizunguka nyumba ya mkimbizi kwa makini namna hiyo.

Dereva niliyepangwa naye alikuwa Mnyankore wa makamo, aliyekipokea Kiswahili jeshini na kukitunza vilevile alivyokabidhiwa. Alikuwa na barua mbili za onyo, moja kwa ajili ya kuku, nyingine kwa ajili ya shemeji yake. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Yeye alilijua hilo, nami nililijua. Hata hivyo, Ijumaa moja tukirudi kutoka vijiji vya mwisho vya kambi upande wa Rugaaga, alisimama kwenye shamba la mjomba wake, akafunga juu ya paa la gari mikungu mitatu ya matoke iliyokatwa dakika ileile. Miwili ilikuwa yake. Wa tatu ulikuwa wangu, jambo ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia kwa sauti ya chini.

Utomvu wa mkungu mbichi hutiririka kama maji safi. Ukikauka juani hugeuka kahawia, halafu mweusi. Tulipofika katikati ya kambi, mlango wa nyuma ulikuwa na michirizi minne kutoka paani hadi kwenye kile kibandiko cha bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kinachowatangazia watu kwamba ndani ya gari hamna silaha.

Dereva alitia mate kidoleni, akasugua. Doa halikusogea.

"Mimi nakwisha," alisema. "Jumatatu huyu muzungu nafukuza mimi."

Wa kwanza kutuokoa alikuwa fundi wa pikipiki, Mkongomani mwenzangu wa kutoka Uvira, mtu ambaye hakuna swali lililowahi kumkuta bila jibu.

"Papa shoferi, hii ni kintu kidogo," alisema. "Kwetu nilikuwa naondosha na petroli hata gudroni, ile lami ya barabara. Leta kitambaa."

Alimimina petroli, akasugua kwa imani kubwa. Utomvu ulibaki mahali pake. Kilichotoka ni ule mstari mwekundu. Bunduki sasa ilikaa mlangoni peke yake, nzima, imetulia. Fundi alirudi nyuma hatua mbili akaitazama.

"Sasa inaonekana kama munauzisha," alisema.

Wanaume walikuwa wameshajaa, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mimi ni mtu wa daftari, kwa hiyo niliandika zote kwa mpangilio: majivu na ndimu, mkojo wa ng'ombe, mafuta ya breki. Katekista alipendekeza subira. Tulijaribu majivu. Tulipata doa lilelile, safari hii likiwa na majivu.

Jumamosi asubuhi tulilipeleka gari Ruti, kitongoji cha Mbarara, kwa muosha magari aliyesifika mji mzima. Huyu hakuuliza doa ni la nini. Alimwaga sabuni ya unga, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaushambulia mlango. Michirizi ilififia kidogo. Kando yake palitokea mikwaruzo mingi kiasi kwamba ungedhani paka wote wa Mbarara walikuwa wamefanyia mkutano hapo. Dereva alimshika mkono.

"Sebo, bwana, wewe naosha ama nalima?"

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mgahawa wa hajati mmoja. Alikuja kulalamika kwamba maji yetu machafu yanaingia kwake, akiwa bado na kisu cha kumenyea na mikono inayong'aa. Malalamiko aliyaacha njiani, macho yakabaki mlangoni.

"Huo ni utomvu," alisema.

"Tunajua, hajati," nikamjibu.

"Mnajua, na mnausugua na maji?" Alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mnakula matoke?"

"Kila siku," alisema dereva. "Asubuhi pia."

"Na hakuna hata mmoja wenu amewahi kuyamenya."

Tulikuwa wanaume watatu wazima, tuliolelewa kwa ndizi tangu kuota meno, na hakuna aliyewahi kugeuza shingo kutazama jikoni aone kwa nini mwanamke hupaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Utomvu hushikamana na kila kitu isipokuwa mafuta. Watoto wa kike wa miaka saba walilijua hilo nchi nzima. Sisi tulikuwa tumetafuta ushauri kwa fundi wa pikipiki.

Hajati alileta kikombe cha mafuta ya kupikia, akatuamuru tuyapake na kuyaacha juani mpaka chakula chake kiive, kisha tufute kwa kitambaa kikavu ndipo tulete maji. Kivuli cha njano kilichobaki kilitoka kwa dawa ya meno na ncha ya kidole. Kwa ajili ya bunduki alileta rangi nyekundu ya kucha, ya binti yake. Dereva alichora mstari ulimi ukiwa nje, na bunduki ikanyang'anywa ruhusa yake.

"Hiyo mikwaruzo sina dawa yake," hajati alisema akivuka barabara kurudi kwake. "Hiyo ni yenu wanaume."

Jumatatu mkubwa alizunguka. Aliipita rangi ya kucha bila kusita. Kwenye mikwaruzo alisimama, akapitisha kidole, akauliza kwa Kiingereza imekuwaje. Dereva alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuonyeshana njia, lakini woga ulikuwa umekifukuza chote. Alinigeukia mimi.

"Ambia yeye ukweli," alisema. "Mimi nabeba matoke. Mimi nachoka kuogopa gari."

Nilimwambia mkubwa kwamba njia ya vijiji vya mwisho ina miiba mibaya sana.

Mkubwa alitikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Barua ya tatu haikuja. Badala yake, kabla ya juma kwisha, tangazo lilibandikwa ukutani: ili kulinda mali ya mradi, ziara za vijiji vya mwisho zimesimamishwa hadi miiba iondolewe. Hakutumwa mtu wa kuiondoa, na hata angetumwa, angekata nini? Watu wa huko wakaanza kutujia wao, kwa miguu. Alikuja mzee aliyeondoka kwake kabla ya jua kutoka. Aliniuliza kwa adabu gari limekufa lini, akanipa pole. Nilimjibu kwamba ni mambo ya ofisi.

Siku hiyo nilimfuata dereva alipokuwa akilipaka gari lake nta, nikamwomba aende kwa mkubwa aeleze, maana yeye alishakuwa tayari kusema.

"Mimi nasema mara moja," alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe nakataa. Sasa zamu yako."

Sikwenda. Mwezi ule ndio mkataba wangu ulikuwa ukijadiliwa.