Maji ya Kiyoyozi, Boti ya Kendu Bay

Kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawabanani chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Kwa hiyo mamake mchumba wangu alipoketi bega kwa bega nami ndani ya boti yake, akinipitishia spana, niliumia. Maana yake ilikuwa wazi: kwake nilikuwa fundi tu, na alikuwa bado hajakubali kumwoza binti yake.

Alikuwa mkunga mstaafu, mwenyeji wa Kendu Bay, na ile boti ya tanga aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Chumba chake cha ndani, saa saba mchana, kilichemka kama jiko la mandazi. Akataka kiyoyozi. Binti yake, aliyenipenda kuliko nilivyostahili, akamwambia anamjua fundi wa friji huko Migori, mchumba wake mwenyewe, yaani mimi.

Kiyoyozi cha boti hutupa joto lake kwenye maji. Maji ya ziwa yavutwe, yapite ndani ya mashine, yatemwe ubavuni. Mimi niliyewahi kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu ya Masara, nishindwe na hayo? Kichwa kilinivimba. Kwa dakika kumi nikawa nimechora mpango mzima kwenye daftari: pampu juu, kando ya mlango, na mpira wa kuvutia maji ukining'inia ziwani, vilevile tulivyofanya Masara.

Mama akavaa miwani, akautazama mchoro wangu kama anayesoma kadi ya kliniki.

"Tanga ikishika upepo, boti inalala upande," akasema. "Huo mpira utakunywa nini sasa, upepo?"

Shimo la Masara halilali upande. Tena pampu niliyokuwa nayo ilijua kusukuma maji, si kuyanyonya kutoka chini. Ilitaka ikae chini ya usawa wa ziwa, maji yaifuate yenyewe. Niliona aibu, kisha nikaanza kucheka, naye akacheka kidogo, na baada ya hapo tukawa tunanyang'anyana kalamu. Maji yaingilie chini kabisa, karibu na katikati, mahali pasipotoka majini hata boti ilale vipi. Juu ya tundu, vali ya kufungia. Halafu chujio la kuzuia magugu maji na dagaa wa omena, halafu pampu, kisha mpira upande juu polepole mpaka kwenye mashine, usipinde popote hewa ikajificha.

Ikabaki kulisema neno lenyewe: nilitaka kuitoboa boti yake chini. Akavua miwani. Halafu akasema amezalisha wanawake wengi na kuona mengi, ila hajawahi kuona mtu akiomba kuzamisha mali ya mwenzake kwa adabu namna hiyo. Akaniruhusu.

Boti ilikuwa imepandishwa ufukoni juu ya magogo. Nikatoboa huku nimeuma ulimi, nikafunga vali, nikapaka gundi, nikakaza, tukangoja ikauke. Iliposukumwa majini nililala kifudifudi sakafuni mwake nikipapasa pembeni mwa tundu. Pakavu. Tukawasha jenereta, na ubavuni maji yakaanza kuruka. Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima, bila haya. Nikarudi chumbani alikokuwa mama, na hewa baridi ikatupiga usoni sote wawili. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Kisha akainuka ghafla, akajifunika kichwa kwa leso, akatoka bila kunitazama. Akaenda kuketi mbele kabisa ya boti, mgongo kanigeuzia.

Nikapapasa tundu tena. Pakavu. Nikakaa pale sakafuni nikijiuliza nimemkosea nini, siku ile ile niliyodhani nimempata.

Mchumba wangu, aliyekuwa huko nje tangu tuwashe jenereta, akachungulia mlangoni, kicheko kimembana.

"Mama anasema utoke kwa boti," akaniambia. "Anataka kurudi ndani kwa baridi, na hawezi kaa chumba moja na mkwe wake."

Niliruka ziwani na viatu vyangu.